Maarifa Yaliyogunduliwa Mara Mbili: Historia ya Msuguano na Funzo Lake kwa Sera ya Lugha

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kanuni za msuguano tangu madaftari ya Leonardo da Vinci hadi ripoti ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1966. Hoja yake ni kwamba maarifa ya kisayansi hayawi mali ya jamii kwa kugunduliwa tu; huhitaji kuwekwa hadharani, kupewa jina, na kupata taasisi za kuyapokea. Mwishoni, hoja hiyo inahusishwa na istilahi za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Historia ya fizikia ya mwendo husimuliwa mara nyingi kama historia ya kuuondoa msuguano. Aristotle alifundisha kwamba kitu huendelea kwenda kwa sababu kipo kinachokisukuma, na kwa mtu anayeburura gogo ardhini ndivyo mambo yanavyoonekana. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alieleza jinsi alivyoviringisha tufe lililong'arishwa katika mfereji laini ulioinamishwa, ili ukinzani uwe mdogo kadiri iwezekanavyo. Mwaka 1687, Newton alitamka kwamba kitu kisichotendwa na kani ya nje hubaki katika hali yake, ama kimetulia ama kinakwenda kwa mwendo mnyoofu usiobadilika. Swali moja liliachwa pembeni: je, kani hiyo iliyoondolewa ili hesabu zinyooke, yenyewe hufuata kanuni gani?

2.0 Kutoka daftarini hadi hadharani

Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa. Kufikia mwaka 1493, Leonardo alikuwa amechora vipande vya mbao vikivutwa kwa kamba iliyopita juu ya kapi na kufungwa uzito. Aliona mambo mawili: kwanza, msuguano huongezeka kwa uwiano na uzito wa mzigo; pili, hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Tofali likilazwa au likisimamishwa kwa ubavu, kani ya kulivuta ni ileile. Hata hivyo, Leonardo hakuyachapisha matokeo hayo. Majuzuu mawili ya madaftari yake yaliyohifadhiwa katika Maktaba ya Taifa mjini Madrid hayakutambuliwa na wataalamu hadi miaka ya 1960.

Kwa hiyo Guillaume Amontons alipowasilisha kanuni hizohizo mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1699, alikuwa mgunduzi kwa haki yake. Kanuni ya pili iliwashangaza wasikilizaji, nayo majaribio yakarudiwa kabla ya kukubaliwa. Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya daftari na akademia: madai ya Amontons yalisikika, yakapingwa, yakapimwa, na yakarithiwa. Katikati ya karne ya 18, Leonhard Euler alitofautisha msuguano wa kitu kilichotulia na ule wa kitu kinachokwenda. Mwaka 1781, Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa kijeshi aliyefanya majaribio yake katika bandari ya Rochefort, alipata tuzo ya Akademia. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1785. Mahitaji ya jeshi la majini, yaani kamba, kapi na meli za kushushwa majini, ndiyo yaliyogharimia nadharia.

3.0 Jina na sera

Sababu ya kanuni ya pili ilikuja kuelezwa vizuri na Bowden na Tabor wa Cambridge, katika kitabu chao cha mwaka 1950. Nyuso mbili, hata zikionekana laini, hugusana kwenye ncha chache tu, na mzigo ukiongezeka, mgusano halisi huongezeka pamoja nao.

Pamoja na hayo yote, taaluma hiyo haikuwa na jina moja. Kamati iliyoongozwa na Peter Jost ililitoa mwaka 1966: tribolojia, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kusugua. Ripoti yake ilikadiria kwamba viwanda vya Uingereza vingeweza kuokoa pauni milioni 515 kila mwaka. Mgawanyo wa fedha hizo unafundisha zaidi kuliko jumla yake. Nishati iliyopotea kwa msuguano ilikuwa pauni milioni 28 tu, ilhali matengenezo na ubadilishaji wa vipuri vilifikia milioni 230, na hasara zitokanazo na kuharibika kwa mitambo milioni 115. Baada ya ripoti hiyo vilianzishwa vituo vya tribolojia huko Leeds, Swansea na Risley. Gharama zilizokuwa zimetawanyika katika vitabu vya hesabu vya kila kiwanda sasa zilionekana kuwa tatizo moja la taifa.

4.0 Hitimisho

Kiswahili hakihitaji kukopa neno la Kiyunani ili kulieleza jambo hili. Kutoka sugua tunapata suguana, na kutoka suguana, msuguano. Kauli ya kutendana iliyomo katika neno hilo inabeba fizikia yenyewe: hakuna uso unaosugua bila wenyewe kusuguliwa. Istilahi nazo zimekuwapo kwa muda. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1990.

Hatari iliyopo ni ile ya daftari la Leonardo. Istilahi iliyomo kamusini lakini haimo katika mtihani, katika mwongozo wa mtambo, wala katika mafunzo ya fundi anayebadilisha beringi na kupaka grisi, ni maarifa yaliyofungiwa maktabani. Washauri wa sera katika ukanda wetu wanapojadili lugha ya kufundishia sayansi, wasiishie kuuliza kama maneno yapo. Waulize pia ni nani anayeyatumia, wapi, na ni gharama gani inayolipwa kila siku kwa kuwa hayatumiki.