Ndai Nzee Inapiga Kelele na Kunuka? Ng'oa Kapeti Kwanza

Msee akinunua Corolla AE100 hapa Migori, ama Peugeot 504 iliyolala kwa boma la mtu Homa Bay miaka mingi, huwa anawaza rimu na muziki. Halafu anaipeleka changarawe za Nyatike mara moja tu, sakafu inalia kama debe, na mbio anaulizia shiti za kuzima kelele. Pole pole, omera. Anza na maji.

Chini ya kapeti kuna pedi nene ya vitambaa chakavu vilivyoshindiliwa. Hiyo kitu hunywa maji kama godoro. Kapeti inakauka juu, unadhani mambo ni fiti, kumbe chini bati linaliwa polepole. Na kama ndai ilishawahi kubeba mbuta au omena, ile harufu unafukuza na manukato kila wiki iko ndani ya pedi. Haioshwi ikatoka. Tupa.

Kabla ya kugusa siti, chomoa waya wa hasi wa betri na ungoje dakika kadhaa. Ukiona soketi za manjano, hizo ni za mifuko ya hewa, usizivute ovyo. Siti za Toyota nyingi zinafunguka na spana ya 14. Piga picha kila kitu unachong'oa, maana baada ya wiki mbili hutakumbuka bolti ipi ilitoka wapi.

Bati likibaki wazi, lala ndani na tochi, mtu akumwagie maji nje kwa kioo cha mbele na milango. Washukiwa wakuu ni raba ya kioo iliyokauka, njia za maji chini ya waipa zilizozibwa na majani ya mwembe, na ile nailoni ya ndani ya mlango ambayo fundi wa spika aliichana. Maji yakiwa na rangi na yanateleza, hiyo si mvua, ni kulanti ya hita.

Sasa kutu. Dunga na bisibisi. Ikipenya, mwite welda akate kipande kibovu na achomelee bati jipya. Kuna mafundi watakwambia wajaze putty na wapige lami juu, unalipa kidogo na unaenda. Kataa! Siti na mikanda zimeshikwa na hilo bati, na tundu la sakafu linaingiza moshi wa ekzosti. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na inaua mtu akidhani amesinzia tu. Kabla welda awashe moto, toa kila kinachoshika moto na uonyeshwe bomba la petroli linapita wapi chini. Ukimaliza, sugua na brashi ya waya, paka red oxide, kisha rangi, ikauke kabisa.

Hapo ndio shiti zinaingia. Kazi yake ni kuongeza uzito ili bati liache kutetemeka, kwa hivyo si lazima ufunike kila inchi. Robo hadi nusu ya sehemu pana zilizo bapa inatosha. Ya butili yenye foili, unene wa milimita 2, ina uzito wa kama kilo 3 kwa mita mraba, na ukijaza ndai nzima utaihisi ikipanda mlima. Lami ya kuziba paa ni bei rahisi lakini jua la saa nane likiipata inanuka na kuteleza. Futa bati na spiriti, bandika, shindilia na rola, na usifunike vizibo vya kutolea maji.

Shiti peke yake haizimi mlio wa tairi. Huo unapunguzwa na pedi. Chukua sponji isiyonyonya maji, aina ya ule mkeka wa mazoezi. Sponji ya godoro wachia kitanda, kwa sababu inalowa na inashika moto haraka.

Usizidishe unene karibu na miguu ya dereva. Kabla ya kuwasha injini, kanyaga akselereta hadi mwisho mara kadhaa. Isiporudi yenyewe, kata pedi hapo upunguze.