Mahindi ya Nguruwe: Historia ya Sumukuvu Kutoka Karanga za Uganda Hadi Karambi

Kwetu Karambi, upande wa Bwera, mahindi yakivunwa wakati wa mvua huchambuliwa. Punje nzuri huingia guniani, zilizoota kuvu hupewa nguruwe. Bibi yangu amefanya hivyo miaka yote, nami nilimsaidia tangu utotoni. Nguruwe, tuliambiwa, hula kila kitu. Wetu alikula kweli, lakini siku ya kuuzwa mbavu zake zilikuwa zinahesabika, na mchuuzi akataja bei ya kututia aibu. Karo yangu ya muhula ilimtegemea nguruwe huyo. Bibi alilaumu mbegu. Mimi nilianza kulishuku ini nilipokuja chuoni na kusoma historia ya chakula cha mifugo.

Historia hiyo kwa kawaida huanzia Uingereza. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko, na kwa kuwa chanzo hakikujulikana, ugonjwa ukaitwa X. Walipopasuliwa, maini yao yalikutwa yameharibika. Lawama ziliangukia mashudu ya karanga kutoka Brazil. Punde ikaonekana kwamba nguruwe na ndama waliolishwa mashudu ya namna hiyo nao wamedhurika. Masimulizi mengi huishia hapo, kwenye Brazil. Lakini kuvu yenyewe, Aspergillus flavus, ilitambuliwa mwaka 1961 katika karanga zenye sumu kali zilizotoka Uganda. Jina la kuvu hiyo ndilo lililozaa neno aflatoksini, ambayo Kiswahili cha leo huiita sumukuvu.

Kwa nini ini? Sehemu kubwa ya kinachonyonywa kutoka matumboni hufika kwanza kwenye ini, nalo ndilo hutengeneza protini nyingi za damu. Sumukuvu ina hila yake: vimeng'enya vya ini, katika kujaribu kuiondoa, huigeuza kuwa kitu kikali zaidi kinachonata kwenye protini na vinasaba vya seli. Ini likiumia, nguruwe hula kidogo, na hata anachokula hakigeuki nyama ipasavyo. Nguruwe anayetunzwa vizuri huhitaji takriban kilo 3 za chakula ili aongeze uzito wa kilo 1. Mwenye ini bovu huhitaji zaidi kwa kilo hiyohiyo. Sumu ikiwa kidogo hafi, hudumaa tu. Vifo vya bata mzinga viliwaita wataalamu maabara, lakini nguruwe aliyedumaa haandikwi popote. Kwa maoni yangu, hilo ndilo pengo kubwa katika historia hii.

Uganda haikukosa utafiti. Vyakula 480 vilivyokusanywa nchini mwaka 1966 na 1967 vilipimwa, na karibu asilimia 30 vilikutwa na sumukuvu. Matokeo yakachapishwa mwaka 1971. Mwaka mmoja kabla, daktari Serck-Hanssen aliripoti kifo cha kijana wa Uganda wa miaka 15 ambaye ini lake liliharibika baada ya kula muhogo wenye kuvu. Sisi Wakonzo tunaokula bundu la muhogo hatuwezi kuisoma taarifa hiyo kama jambo la mbali. Utafiti huo ulihusu hasa chakula cha watu. Nguruwe nchini hawakuwa wengi bado: mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikadiriwa kuwa laki mbili hivi, lakini sensa ya mifugo ya mwaka 2008 ilihesabu milioni 3.2.

Sumukuvu hurudi kwenye habari biashara inapoguswa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, kisha baada ya siku chache ikalegeza kwa masharti. Mahindi ya mpakani hupimwa. Yale ya beseni la nguruwe hayapimwi na mtu.

Likizo iliyopita nilimweleza bibi haya yote, ini na karanga na bata mzinga. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa, mjukuu wangu, haya mabovu nimpe nani?" Sikuwa na jibu. Tulinunua turubai ili mahindi yasianikwe tena chini kwenye udongo, na mavuno yaliyofuata beseni la mabovu halikujaa hata nusu. Hiyo nusu aliifukia nyuma ya nyumba, huku akinung'unika.