Kioo, Kikombe na Sanduku la Mganga

Kila aliyepata kukaa upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kule Kinole, Tegetero au Matombo, ajua ya kuwa mvua ya kule haina likizo. Asubuhi ukungu hushuka toka kilele cha Bondwa ukaingia nyumbani bila hodi. Nguo iliyofuliwa Jumatatu huvaliwa Alhamisi nayo bado ina ubaridi. Kitabu kikilala kabatini mwezi mmoja huota koga la kijani, na pembe za kuta huwa nyeusi. Wenyeji twayazoea hayo. Kikohozi nacho twakizoea, mpaka siku mtu ashindwapo kupanda kwenda shambani kwake mwenyewe.

Mama yetu mdogo, mkazi wa Kinole, alikohoa miaka mitatu. Usiku kifua chake kililia filimbi. Alikwenda zahanati mara nyingi, akapewa vidonge, akapata nafuu ya juma moja, kisha kikohozi kikarudi. Wala hakuna aliyemwambia jina la ugonjwa wake. Mjomba, ambaye kwa desturi ya Waluguru ndiye mwenye neno katika ukoo, akatuita akasema, "Mwalimu, wewe ndiwe msomi wetu. Mjini kuna mtu ana mashine ipimayo mwili mzima. Mpeleke mama yako." Nasi, twaungama, hatukubisha.

Tulikuta chumba kidogo, na kijana mwenye koti jeupe. Akamwuliza mama jina, miaka, urefu na uzito, akaandika yote katika kompyuta, akampa fimbo fupi ya chuma aishike. Baada ya dakika moja tu zikatoka karatasi nyingi, zenye hesabu na rangi. Kijana akasema, "Mama, una kuvu. Limeingia mapafuni, ini na damu." Mama akalia machozi, nayo yalikuwa ya furaha, maana miaka mitatu hakuna aliyempa jina. Tukanunua bangili ya sumaku na kisanduku chenye taa nyekundu cha kuwekwa kifuani kila usiku. Fedha zake zilikuwa za karafuu za mwaka mzima. Miezi miwili ikapita, na filimbi ile ikaendelea kulia.

Ndipo tulipoanza kusoma habari za kale, tukaona ya kuwa sisi si wa kwanza kushika njia ile.

Wazee wetu, na Wazaramo pamoja nao, walikuwa na Kolelo, wa pango la Uluguru, aliyeombwa mvua na baraka ya mashamba. Mwaka 1905 maji ya dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalipoenea, Wazaramo waliyafungamanisha na jina hilo la Kolelo. Dawa ngeni hupokewa upesi ikija na jina lijulikanalo. Watu waliambiwa ya kuwa risasi za Wadachi zitageuka maji. Vita ilipokwisha mwaka 1907, Wadachi walikisia waliokufa kuwa 75,000. Waandishi wa baadaye wasema walifika 250,000 hata 300,000, na wengi waliuawa na njaa. Hatuyaandiki haya ili tuwacheke. Kodi, kiboko na pamba ya kulazimishwa vilikuwa vimewachosha kweli kweli, na mtu aliyechoka hivyo hakai kuuliza dawa imejaribiwa wapi.

Miaka ya 1930 wakatokea vijana wa mchape toka Nyasaland, wakaenea Rhodesia ya Kaskazini na kufika kusini mwa Tanganyika. Hao hawakuvaa ngozi kama waganga wa zamani. Walivaa suruali na mashati ya Kizungu, wakachukua vioo vidogo. Wanakijiji walipangwa mstari, na kijana akatazama sura zao katika kioo chake, akasema, huyu mchawi, huyu si mchawi. Kisha akanywesha watu dawa nyekundu. Bibi Audrey Richards, mtaalamu wa Uingereza aliyekaa kwa Wabemba, alizichungua pembe za "uchawi" zilizokusanywa na vijana hao, akaona kuwa nyingi ni vyombo vya dawa za kawaida na vya tumbaku ya kunusa. Tukakumbuka koti jeupe la yule kijana wa mjini. Mganga huvaa nguo za zama zake. Siku zile kioo kilikuwa kitu cha kisasa, na siku hizi ni kompyuta.

Wala asidhani mtu kwamba jambo hili ni la Waafrika peke yao. Mwaka 1796 daktari mmoja wa Marekani, Elisha Perkins, alipata hati ya serikali kwa vijiti viwili vya madini, vyenye ncha kali. Alisema ya kuwa vikipitishwa juu ya mwili huvuta maumivu yakatoka. Wakubwa kwa wadogo wakavinunua, na sifa zake zikavuka bahari hata Uingereza. Mwaka 1799 katika mji wa Bath, daktari John Haygarth akatengeneza vijiti vya mti, akavipaka rangi vifanane na vile vya madini, akawapitishia wagonjwa watano wenye maumivu ya siku nyingi ya viungo. Wanne wakasema wamepata nafuu. Kesho yake akatumia vijiti vyenyewe vya madini, na mambo yakawa yale yale. Basi Haygarth akajua kuwa nafuu ile haikutoka katika chuma; ilitoka katika matumaini ya mgonjwa. Mwaka huo huo Perkins alikwenda New York kuwatibu watu wa homa ya manjano kwa dawa yake nyingine, akaambukizwa, akafa. Kwa hiyo twasadiki kwamba yeye mwenyewe aliiamini kazi yake.

Baada ya zaidi ya miaka 100, Albert Abrams wa San Francisco alijenga masanduku ya umeme, akasema yaweza kutambua ugonjwa kwa tone la damu. Waliokodi masanduku hayo walikatazwa kuyafungua. Mtu mmoja akampelekea damu ya jogoo, akajibiwa kuwa mgonjwa ana malaria, saratani na maradhi mengine. Gazeti la Scientific American lilichunguza habari yote, na mwaka 1924 likatangaza kuwa masanduku yale hayafai kitu.

Habari za Samunge, Loliondo, mwaka 2011, wengi wenu mwazikumbuka. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alisema ameoteshwa na Mungu, akatoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi. Wengine walifia njiani kabla ya kukionja, na wengine waliacha dawa zao za UKIMWI wakiamini wamepona. Bei ilikuwa ndogo, nasi hatusemi kuwa mzee yule alitafuta mali. Lakini aliyeacha dawa aliumia vile vile.

Sasa turudi kwenye kuvu, maana kuvu si neno la kubuni. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula unga wa karanga uliokuwa na kuvu, ndipo wataalamu wakaigundua sumu yake, ile tuiitayo sasa sumukuvu. Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Kwetu, mwaka 2016, ilizuka Dodoma na Manyara. 68 waliugua, 20 wakafa. Sumu hiyo huliwa pamoja na chakula, nayo huharibu ini. Kuvu la ukutani lina njia nyingine: Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2009 ya kuwa wakaao katika nyumba zenye unyevu na koga huzidi kupata kikohozi na pumu. Mambo hayo mawili yamethibitishwa. Lakini kwamba kuvu hujificha katika damu, likaonekana kwa kushika fimbo, hilo halikuthibitishwa na mtu. Twaona kuwa hofu ya mwaka 2016 iliwapa wenye mashine neno la kuuza.

Basi tukafanya kama Haygarth. Tukarudi kwa kijana yule peke yetu, tukajiandikisha kwa miaka na uzito wa mama mdogo. Mashine ikasema tuna kuvu, na viungo vyetu vimezeeka. Juma la pili tukaja na miaka yetu ya kweli, thelathini na minne. Tukawa wazima, tumepungukiwa madini ya mifupa tu. Fimbo ile ile, mkono ule ule. Tulipomwonyesha karatasi zote mbili, kijana akazitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, mashine haikosei. Labda umepona." Naye alivaa bangili kama ya mama.

Hospitalini makohozi yake yalipimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Akapulizishwa katika mrija, akaambiwa ni pumu, akapewa dawa ya kuvuta. Mjomba na vijana wakachimba mfereji nyuma ya nyumba, mahali maji ya mlima yalipopenya ukutani, wakatoboa dirisha, wakahamisha godoro na magunia ya mahindi mbali na ukuta. Filimbi imepungua sana, ijapokuwa mwezi wa nne hurudi.

Kile kisanduku chenye taa watoto wanakichezea. Bangili hajaivua. Tulipomwuliza sababu, alisema, "Mwanangu, huyu ndiye aliyeniambia kwanza kwamba naumwa kweli."