WiFi ya Keja Inakatika Kila Saa? Hivi Ndivyo Utajua Nani Anakuangusha

Unatuma kazi ya onlaini, dedlaini imebaki dakika kumi, na net inapotea. Unazima rauta, unawasha, inarudi. Baada ya nusu saa, story ni ile ile. Kabla utoe doh ununue rauta mpya, jua kwanza shida iko wapi. Washukiwa ni watatu: WiFi, rauta yenyewe, ama laini inayoingia kwa ploti.

1. Tesiti ya dakika moja
Kwa stika iliyo chini ya rauta kuna anwani kama 192.168.1.1 ama 192.168.100.1. Ipige picha leo. Net ikikatika, usiguse rauta. Zima data za simu, baki kwa WiFi, kisha andika hiyo anwani kwa brauza. Ukurasa wa rauta ukifunguka, WiFi yako iko poa, shida iko kwa laini. Ukikataa kufunguka, laini achana nayo kwanza. Cheki WiFi ama rauta.

2. Soma taa
Kama uko kwa fiba, tafuta taa imeandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwako, na kurestati hakutasaidia. Angalia ile kebo nyembamba: imekunjwa kwa kona? Imekaliwa na kiti? Ndani ni glasi, kwa hivyo haipendi kukunjwa. Usiichomoe uchungulie ndani, utaumiza macho. Ita fundi wa kampuni.

3. Kama ni WiFi
Rauta nyingi zina mawimbi ya 2.4GHz na 5GHz. 2.4 inapenya ukuta vizuri, lakini kwa ploti yenye kila jirani ana rauta, huko ni kama stage ya mathree saa kumi na mbili jioni. Maikrowevu pia inaisumbua. Ukiwa karibu na rauta, tumia 5. Ukibaki kwa 2.4, ingia setingi uchague chaneli 1, 6 ama 11, ile majirani hawajajaa. Rauta nayo itoe nyuma ya TV, iweke juu, mahali wazi.

Kama ni simu yako tu inakatika na ya roommate iko sawa, ambia simu isahau hiyo WiFi, kisha uingie upya.

4. Kama ni rauta
Taa zote zikizima na kuwaka zenyewe, shida ni stima ama adapta. Jaribu soketi ingine. Ukibadilisha adapta, volti lazima ilingane na ile imeandikwa kwa rauta, na ampea zisiwe chini. Ikiwa rauta inachoma mkono, ipe hewa.

5. Beba ushahidi
Kwa siku tatu, andika saa net imekatika, imekaa nje dakika ngapi, na LOS ilikuwa rangi gani. Ukipigia kampuni, usiseme tu "net ni slow". Wasomee hiyo listi, na uitishe namba ya malalamiko. Wakikuzungusha, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja, lakini itataka kujua ulianza na kampuni.

Unalipa mwezi mzima. Na ukiwa na listi mkononi, si rahisi mtu akuambie tena "zima uwashe".