Fasihi ya Ajabu na Riziki ya Mtunzi: Zanzibar kutoka Mzimu wa Watu wa Kale (1960) hadi Babu Alipofufuka (2001)

Historia ya riwaya ya Kiswahili imezoea kuwaweka watunzi wa Zanzibar katika mafungu mawili. Muhammed Said Abdulla huwekwa katika fungu la riwaya pendwa kwa sababu ya hadithi zake za upelelezi. Said Ahmed Mohamed huwekwa katika fungu la riwaya dhati kwa sababu ya jicho lake kali juu ya jamii na utawala. Mgawanyo huo una manufaa yake, lakini umefunika jambo moja la msingi: watunzi wote wawili walichota katika kisima kimoja, yaani mizimu, wachawi, wafu na ulimwengu usioonekana kwa macho. Insha hii inadai kwamba namna kila mmoja alivyoitumia ajabu hiyo haielezeki kwa kipaji wala itikadi peke yake. Inaelezeka pia kwa kazi iliyompa mtunzi riziki, kwa wachapishaji waliomfikia na kwa wasomaji waliotazamiwa.

Malighafi yenyewe ni ya zamani kuliko riwaya. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Unguja mwaka 1864, alikusanya ngano za wenyeji na kuzichapisha London mwaka 1870. Miongoni mwake imo ngano ya Sultani Darai, ambamo paa anayesema humtumikia maskini na kumuua nyoka mwenye vichwa saba. Ajabu, kwa hiyo, haikuingia Unguja kwa meli ya vitabu. Tafsiri za kigeni, kama Elisi katika Nchi ya Ajabu iliyotoka mwaka 1940, ziliwakuta wasikilizaji waliokwisha kuzoea wanyama wenye kunena. Hata hivyo, jina lililobaki kwenye jalada la mwaka 1870 ni la mkusanyaji. Fundi wa ngano alikuwa na hadhira, lakini hakuwa na kitabu.

Mlango wa kitabu ulifunguliwa na mashindano. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948 chini ya serikali za kikoloni, iliendesha shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili mwaka 1957 hadi 1958. Mshindi alikuwa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960. Ndani yake, maiti ya tajiri inakutwa mahali panapoogopwa kuwa pa mizimu, na watu wako tayari kuamini kuwa wazee wa kale wamelipiza kisasi. Bwana Msa, mwenye kiko chake mkononi, hawakejeli wanaoamini. Anauliza, anapima, na hatimaye anaonesha kuwa mkono uliotenda ni wa binadamu. Ajabu imetumika kujenga hofu, kisha ikaondolewa kwa hoja.

Yapo maelezo mepesi ya muundo huo, kwamba mtunzi aliandika kile ambacho ofisi ya kikoloni ingependa kukizawadia, yaani ushindi wa akili juu ya ushirikina. Maelezo hayo hayatoshi. Kisima cha Giningi kilichapishwa London mwaka 1968, baada ya Mapinduzi, pasipo shindano lolote la Ofisi ile, na jina lake limetokana na Giningi, ambayo katika masimulizi ya Visiwani ni makao ya wachawi yasiyoonekana. Hapa pia Bwana Msa anategemea hoja. Sababu iliyo karibu zaidi ni kazi ya mtunzi mwenyewe. Abdulla alianza maisha ya kazi katika ukaguzi wa afya. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kuanzia mwaka 1958 akahariri Mkulima, jarida la kilimo. Hizo ni kazi za kumweleza raia chanzo cha maradhi na cha mavuno haba. Aliyeandika asubuhi juu ya mbegu na mbolea aliandika usiku juu ya mizimu kwa mantiki ileile: kila tukio lina kisababishi kinachoweza kuchunguzwa.

Kazi hiyo ilimpa mtazamo, lakini pia ilimnyima muda. Tarehe za uchapishaji zinadokeza hivyo. Kati ya mwaka 1960 na 1968, alipostaafu, riwaya zake zilizotoka ni mbili tu. Baada ya kustaafu zilitoka nne katika miaka minne: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Ni kweli kwamba mwaka wa kuchapishwa si mwaka wa kuandikwa, na kwamba uchapishaji wa Afrika Mashariki ulipanuka katika kipindi hicho. Pamoja na tahadhari hizo, mfuatano huo unaonesha kuwa mtunzi aliyependwa kiasi hicho aliishi kwa mshahara wa kazi nyingine, na kwamba kalamu ilingoja zamu yake.

Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa Pemba mwaka 1947, alishika njia tofauti. Alikuwa mwalimu, kisha mwanazuoni, na kwa miaka mingi alifundisha Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani. Katika Babu Alipofufuka, iliyochapishwa Nairobi mwaka 2001, babu aliyekufa anamwendea mjukuu wake, K, mtu wa tabaka la wenye nacho, na kumpeleka kuyaona yale ambayo raha yake imemzuia kuyaona. Hakuna Bwana Msa wa kuja kuthibitisha kuwa babu ni ndoto au hila. Mfu anabaki mfu, na ndiye hakimu. Msomaji aliyetazamiwa ni yule aliyekwisha kuzoea uhalisia mazingaombwe, ambao Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi zilikuwa zimekwisha kuufungulia njia. Mshahara wa chuo ulimwezesha mtunzi kuacha fumbo bila kulifumbua.

Kwa hiyo mzimu uliofukuzwa mwaka 1960 ulirudi mwaka 2001 na mamlaka zaidi. Mabadiliko hayo hayaoneshi kuwa jamii ya Visiwani ilirudi nyuma kiimani. Swali lililoulizwa ndilo lililobadilika. Abdulla aliuliza nani ameua. Mohamed aliuliza nani atawajibishwa pale ambapo walio hai wamenyamaza.

Kilichobaki vilevile ni udhaifu wa msingi wa kiuchumi. Vitabu vilivyotajwa vilipata chapa nje ya Visiwa. Tuzo zilizokuja baadaye, kama Mabati-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014 na Tuzo ya Mwalimu Nyerere iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, zinafanya kazi ileile ya shindano la 1957: humwinua mtunzi mara moja, kisha humwachia mwajiri wake. Mtafiti anayeichunguza fasihi ya ajabu ya Zanzibar kwa matini peke yake ataona mitindo miwili. Akizichunguza pia kazi zilizowalisha watunzi, ataona historia moja.