Boti za Uvuvi za Montauk na Ajali ya Pelican

Montauk ni kijiji kwenye ncha ya mashariki ya kisiwa cha Long Island, jimbo la New York, Marekani. Kuanzia miaka ya 1930, kampuni ya reli ya Long Island ilipeleka huko treni maalumu za wavuvi kutoka jijini New York. Abiria wake wengi walikuwa watu wa mjini waliotaka siku moja ya kuvua kwa mshipi. Treni iliposimama karibu na gati la Fort Pond Bay, waliteremka mbio kuwahi boti. Kila mmoja alilipia nafasi yake, akasimama ubavuni mwa boti bega kwa bega na wenzake na kushusha ndoana yenye chambo. Abiria walipozidi, mapato nayo yalizidi, na boti ndogo za namna hiyo hazikulazimika kukaguliwa na serikali.

Jumamosi, tarehe 1 Septemba 1951, Pelican, boti ya futi 42, ilitoka na watu 64: abiria 62, nahodha Eddie Carroll na msaidizi wake. Bahari ilipochafuka, nahodha aligeuza boti kurudi. Injini moja kati ya mbili ilileta hitilafu, mwendo ukawa wa kujikongoja. Upepo nao uligeukia kaskazini mashariki, ukakabiliana na maji yaliyokuwa yakipwa. Upepo na mkondo vinapokinzana hivyo, mawimbi huinuka wima na kufuatana karibu karibu.

Mchana, takriban maili moja kutoka rasi ya Montauk, mawimbi mawili yaliipiga Pelican kwa nyuma, upande wa kulia. Boti ililalia kushoto, umati uliokuwa sitahani ukaelemea huko huko, na uzito huo ukaizuia kuinuka tena. Ikapinduka. Boti za jirani ziliwahi kuopoa baadhi ya watu. 19 walinusurika na 45 walikufa, nahodha akiwa miongoni mwao.

Uchunguzi ulionyesha kwamba bahari peke yake haikutosha kuleta maafa yale: boti ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Mwaka 1956 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowapa Walinzi wa Pwani mamlaka ya kukagua boti zinazobeba abiria wa kulipa zaidi ya sita. Tangu sheria hiyo ianze kutumika, boti ya aina hiyo hupewa cheti kinachotaja idadi ya juu ya watu inaoruhusiwa kubeba.