Chumvi, Chuma na Betri ya Kituo cha Mpakani

Askari alindaye mpaka wa Koboko, pale Uganda, Kongo na Sudani Kusini zinapokutana, hutegemea redio yake ya mawasiliano. Betri ikifa usiku, kituo kizima huwa kiziwi na bubu. Arua nayo ilitegemea jenereta za mafuta kwa miaka mingi, mpaka kituo cha maji cha Nyagak, chenye megawati 3.5, kilipofunguliwa mwaka 2012. Kwa hiyo historia ya betri si habari ya wataalamu wa ng'ambo peke yao.

Uwezo wa betri hutegemea sana kathodi, yaani upande wake chanya. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché aliitengeneza kathodi kwa manganizi. Mawe ya tochi yalifuata njia hiyo, yakiwamo ya Eveready yaliyotengenezwa Nakuru hadi 2014. Jiwe likiisha, hutupwa. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba oksidi ya kobalti hupokea lithiamu na kuitoa tena na tena, na betri ya namna hiyo ikaingia sokoni mwaka 1991. Kobalti hiyo kwa wingi huchimbwa Katanga, mbali kusini mwa Kongo. West Nile huiona ikirudi ndani ya simu tu.

Wakati huohuo, huko Bordeaux, Claude Delmas na wenzake walichunguza sodiamu. Hiyo haina uhaba: imo katika magadi ya Ziwa Magadi na katika chumvi ya Katwe, ambayo wananchi huivuna kwa mikono. Ugumu ulikuwa kathodi. Chembe ya sodiamu ni kubwa kuliko ya lithiamu. Ikiingia na kutoka, tabaka za oksidi huteleza, hutanuka na hatimaye hupasuka, na hata unyevu wa hewa huziharibu. Mwaka 2012, mwaka uleule wa Nyagak, watafiti wa Tokyo walitangaza kathodi ya chuma na manganizi, isiyo na kobalti wala nikeli. Wengine wametia titani au magnesi kidogo ili tabaka zitulie. Mwaka 2021 kampuni ya CATL ya China ilitangaza betri yake ya sodiamu.

Kwa nguvu ileile, betri hiyo ni nzito kuliko ya lithiamu. Mgongoni mwa askari wa doria, hiyo ni hasara kubwa. Ndani ya kituo, chini ya paneli za jua, uzito si neno. Kinachohesabiwa ni bei, na miaka ambayo kathodi itastahimili joto la Koboko.